Saa nane za usiku, mimi na simu: programu nilizotumia nikitibiwa saratani ya titi

Kwa miezi mitano kila aliyenijulia hali nilimjibu "nzuri". Habari za asubuhi, nzuri. Umeamkaje, salama. Unaendeleaje mama, naendelea vizuri, nashukuru. Daktari naye alipouliza alipata jibu hilo hilo, kwa kuwa mdomo ulishazoea. Salamu zetu zina majibu yake tayari, na anayetaka kusema kweli hana budi kuongeza "ila". Nzuri, ila sijalala. Nzuri, ila naogopa. Mimi hiyo "ila" ilinikaa kooni tangu siku niliyopewa majibu ya maabara.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nibaki na programu fulani na kuzifuta nyingine. Wengi wakiniuliza ipi inamfaa mgonjwa wa saratani ya matiti hutaka kujua ina nini ndani: ina mazoezi ya kupumua, ina kundi, ni ya bure? Nami huwa narudi kwenye swali langu moja: ilinisaidia kuitoa ile "ila" na kuifikisha kwa mtu?

Mimi ni fundi cherehani. Titi la kushoto liliondolewa lote pamoja na tezi kadhaa za kwapani. Ikafuata kemo, dawa kali za saratani za kuingizwa mshipani: mizunguko minne ya ile dawa nyekundu, doksorubisini, ikiambatana na siklofosfamidi, kila baada ya wiki tatu. Halafu paklitakseli kila wiki, mara 12. Halafu mionzi, siku 15. Sasa niko kwenye tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isiichochee saratani, kidonge kimoja kwa siku, nitakachomeza kwa miaka mitano na pengine kumi. Katika safari hiyo simu yangu ilipitiwa na programu saba. Baadhi nilikaa nazo miezi, moja haikumaliza hata usiku.

Siku ya paklitakseli, kabla ya dripu yenyewe, unapewa deksamethasoni ili mwili usiikatae dawa. Hiyo deksamethasoni ndiyo inayokuacha macho makavu usiku kucha. Mwili uko hoi, lakini akili inazunguka kama cherehani iliyokatika uzi: mguu unakanyaga, gurudumu linakimbia, na hakuna kinachoshonwa. Nyumba nzima imelala. Unaitazama simu inakwambia 02:40, yaani saa tisa kasoro dakika ishirini. Saa hizo humpigii dada yako. Humwamshi binti yako mwenye mtihani asubuhi. Hapo ndipo programu inapopata nafasi yake, na sitaki kuidharau nafasi hiyo, kwa sababu nimekuwa ndani yake usiku mwingi.

Ya kwanza niliyopakua ilikuwa ya utulivu, ya watu wote, haikutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Ina picha za bahari na sauti laini ya mwanamke. Nikaweka spika masikioni, nikafumba macho. Sauti ikaniambia niweke mkono kifuani, upande wa moyo, nisikie kifua kinavyopanda na kushuka. Nikaweka. Upande wa moyo ni kushoto. Mkono ukakuta kovu lililolala kutoka karibu na mfupa wa katikati hadi kwapani, na ngozi yenye ganzi. Mkono ulikisikia kifua, kifua hakikuusikia mkono. Nimepima vifua vya watu kwa futi miaka 19, namba za wateja wangu wa zamani nazikumbuka bila daftari, lakini changu mwenyewe nilikuwa sijakigusa kwa kiganja tangu nyuzi zitolewe. Sauti ikaendelea, ikaniambia nitabasamu kidogo. Nikazitoa spika, nikalia mpaka kukapambazuka.

Zoezi lenyewe si baya. Mengi ya aina hiyo yana asili yake katika mafunzo ya utulivu ambayo Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa watu wenye maumivu sugu ambao tiba za kawaida zilikuwa zimewafikisha mwisho. Kule mwalimu yuko chumbani, anauona uso wako, anaweza kukuambia pumzika. Simu haioni. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenzangu aliyefanyiwa upasuaji ni huu: kabla ya kufumba macho, sikiliza rekodi yote ukiwa mchana, umekaa, macho wazi, ujue itakupitisha wapi mwilini. Ikiwa itakupeleka kifuani na bado hujawa tayari, iache. Na nyinyi mnaotengeneza programu, andikeni mwanzoni kwamba zoezi hili linagusa kifua. Ni mstari mmoja tu.

Nilichobaki nacho kwa ajili ya kupumua ni Insight Timer. Ina maelfu ya rekodi za walimu, nami karibu zote sizigusi. Natumia saa yake tu. Unachagua dakika, unachagua mlio wa kengele, inagonga mwanzo na inagonga mwisho, katikati ni ukimya. Nimeweka dakika 7. Naanzia nyayoni, napanda taratibu na pumzi, nikifika kiunoni natosheka. Kifuani nafika siku nikitaka mwenyewe. Kuna usiku kengele ya mwisho imegonga nikiwa nimeshalala, na kuna usiku imegonga nikiwa macho kama mchana, lakini moyo umeshuka. Toleo la bure linatosha kabisa kwa hilo.

Programu nyingine ninayotaka kuieleza ilikuwa ya shajara ya hisia. Kila jioni inakuletea nyuso tano, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka, uguse moja. Kisha inakupa orodha ya maneno ya Kiingereza uchague. Kiingereza nakielewa, karatasi za hospitali nazisoma mwenyewe, ila sijawahi kuhuzunika kwa Kiingereza. Nililipitia kila neno kutoka juu hadi chini na kila moja likawa linanipwaya kama gauni la mtu mwingine. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha kuongeza neno lako. Nikaandika "jakamoyo". Hilo ndilo nililokuwa nalo kila nikingoja majibu ya damu: moyo unakwenda mbio, tumbo limejikunja, na hakuna la kufanya isipokuwa kungoja. Kesho yake nikaandika "kihoro". Kihoro ni cha mtu aliyeondokewa, na mimi niliondokewa na kiungo changu, hata kama kila aliyekuja kunitazama alikuwa akinipongeza kwamba uvimbe umetoka wote. Baada ya wiki tatu hivi nilikuwa na orodha yangu mwenyewe: ukiwa, fadhaa, haya, kinyongo, uchovu wa kuchekewa, na siku moja moja, nafuu.

Binti yangu aliikuta hiyo orodha alipokuwa akinitafutia namba ya duka la dawa kwenye simu.

"Mama, kihoro ni nini?"

Nikamweleza. Akakaa kimya, akawa anaikunjakunja ncha ya khanga yangu.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani umenikasirikia."

Alikuwa ameishi na dhana hiyo wiki nzima, mtoto wa miaka 16, akiosha vyombo bila kuambiwa ili anifurahishe. Tulizungumza mpaka betri ikaisha. Hakuna mahali kwenye ile programu palipoandikwa kwamba itafanya kazi hiyo, lakini ndiyo kazi kubwa iliyonifanyia.

Nimeifuta hata hivyo. Usiku nilioandika "kihoro" na kugusa kitufe cha kuhifadhi, vipande vya karatasi za rangi vilimwagika kwenye kioo kama kwenye sherehe, na maandishi yakaniambia hongera, siku ya 12 mfululizo! Na chembe nyeupe za damu ziliposhuka nikapata homa, nikalazwa siku nne, nilirudi nyumbani nikakuta arifa kwamba nimevunja mfululizo wa siku 31, nianze upya. Nilijisikia nimekosa. Nimetoka wodini na mkono una alama za sindano, najisikia nimekosa mbele ya simu! Mgonjwa hana haja ya kuhesabiwa mahudhurio. Maneno yangu niliyanakili kwenye daftari la karatasi lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, na huko ndiko ninakoendelea.

Kuna jambo la mikono ambalo sijawahi kuona likitajwa, na linahusu programu zote. Paklitakseli huleta ganzi kwenye ncha za vidole. Mimi sindano ilikuwa inanidondoka bila kujua, kitufe cha shati nakishika sijui kama nimekishika. Sasa mtu wa namna hiyo unamletea kialama chembamba cha kuburuta kutoka namba hadi namba, unamletea vitufe viwili vilivyobanana, "Hifadhi" na "Futa". Nimefuta maandishi yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Halafu mwanga: macho yaliyokesha hayataki kioo cheupe kinachowaka kama taa ya ukumbini. Halafu nenosiri. Kemo inaleta ukungu kichwani, jina la jirani linakupotea, na programu inataka nenosiri lenye herufi kubwa, namba na alama, kila ukifungua. Kama vitufe si vikubwa, kama haina rangi ya giza ya usiku na haikubali kufunguliwa kwa alama ya kidole, basi aliyeitengeneza hajawahi kukaa karibu na kiti cha dripu.

Kwenye programu ya kundi niliingia kwa woga na nikakaa miezi saba. Ina vyumba vya mazungumzo kwa aina ya saratani na kwa hatua ya matibabu, na wanawake wa nchi nyingi, kwa hiyo saa yangu nane ya usiku kwa mwingine ni asubuhi, kuna mtu macho wakati wote. Niliyojifunza mle sikuyapata penye karatasi yoyote ya hospitali: kwamba nywele zikianza kutoka ngozi ya kichwa inauma kama kidonda, kwamba nyusi nazo huondoka, kwamba mwili unaweza kumaliza tiba na akili ikaanza kuugua siku hiyo hiyo kengele ya kumaliza matibabu inapogongwa. Hilo la mwisho nilipolisoma nililia kwa nafuu. Nilikuwa nadhani ni mimi tu.

Siku moja mwenzetu mmoja akaandika kwamba titi lake la bandia linateleza ndani ya sidiria, na sidiria maalumu hazimudu. Nikamwambia ngoja. Nikachukua sidiria yangu ya pamba, nikakata kipande cha kitambaa laini kwa umbo la kikombe, kikubwa kuliko kikombe kwa upana wa kidole, nikakishonea kwa ndani pande tatu na kuacha mdomo wazi upande wa kwapa, ili lile umbo liingie na kutoka. Mshono nikauweka juu juu, usiguse kovu. Nilipiga picha kila hatua. Vidole vilikuwa vizito, nilishona kwa saa mbili kazi ya dakika ishirini. Asubuhi nikakuta wanawake wamenijibu, wengine wametuma picha za zao. Wiki hiyo ndiyo ya kwanza kujiona fundi tena tangu nitoke chumba cha upasuaji. Nilikuwa napokea tu, napokea chakula, napokea pole, napokea dawa. Siku ile nilitoa.

Lakini kundi lina upande wake mzito, na lazima niuseme. Mwenzangu wa usiku, ambaye sitamtaja, alikuwa na saratani iliyosambaa hadi kwenye mifupa. Alikuwa akituomba tusimwite shujaa. "Mkiniita mshindi," aliandika, "siku nikifa mtasema nimeshindwa." Tangu hapo neno hilo sijalitumia kwa mgonjwa yeyote. Alifariki. Ndugu yake alituandikia ujumbe mfupi, tukaomboleza, kila mtu kwa lugha yake. Siku kumi na tano baadaye simu ikaita mlio wa arifa: hujazungumza na rafiki yako kwa wiki mbili, mtumie salamu. Na picha yake ndogo pembeni, kilemba cha njano. Niliwaandikia wenye programu wakamwondoe kwenye arifa. Nilijibiwa na ujumbe wa kujiendesha. Nikaandika tena. Mara ya tatu nikaifuta programu. Mtu anayejenga kundi la wagonjwa wa saratani na asifikirie namna ya kutunza jina la marehemu, amejenga nyumba bila mlango wa nyuma.

Kingine cha kundi ni matangazo ya dawa za mitishamba za siku 21 na watu wanaojitambulisha kama matabibu wakija faragha. Mle ndani hapakuwa na msimamizi wa usiku. Ukitafuta kundi, chunguza kwanza hilo: kuna muuguzi au msimamizi anayeonekana, anafuta uongo, anajibu akiitwa?

Kuhusu roboti za kuzungumza nitasema kidogo. Moja niliijaribu usiku mmoja. Niliandika, kwa Kiswahili, "sina hamu ya kuamka kesho". Ikanishauri niweke kengele ya kuamkia mbali na kitanda. Sikuwa nataka kujiua, nilikuwa nimechoka. Ila mashine haikujua, na haikuuliza. Dada yangu angeuliza. Mpita njia angeuliza. Ukiwa na wazo la kujidhuru usiliandike kwenye roboti, mwamshe mtu aliye karibu nawe hata kama ni usiku wa manane, au nenda hospitali. Hakuna atakayekuona msumbufu. Tena roboti hizi huondoka bila kukuaga: Woebot, ambayo siyo niliyotumia mimi lakini ilikuwa na jina kubwa, ilizimwa tarehe 30 Juni 2025, na waliokuwa wakizungumza nayo kila usiku wakabaki na kioo kitupu.

Sasa nije kwenye ile iliyonifaa kuliko zote, na kwa sura ndiyo mbaya kuliko zote. Ni programu ya kliniki, niliyowekewa na muuguzi kwenye wiki ya tatu ya paklitakseli. Haina bahari wala muziki. Ina mchoro wa kipimajoto, 0 chini na 10 juu, na swali: kwa wiki hii iliyopita, dhiki yako ni namba ngapi? Chini yake kuna orodha ya mambo ya kuweka alama: usingizi, hofu, watoto, fedha, kazi, ndoa, imani, maumivu, na nafasi ya kuandika.

Kipimajoto hicho kina historia inayonigusa. Kimetokana na kazi ya Jimmie Holland, daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering huko New York, pamoja na wenzake, miaka ya 1990. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa saratani wakiulizwa habari za akili zao hufunga mdomo, kwa kuogopa kuitwa wendawazimu, lakini wakiulizwa maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10 hujibu bila tabu. Akachukua njia ile ile ya maumivu akaipeleka moyoni, na akachagua neno dhiki kwa makusudi, neno lisilo na aibu. Kliniki nyingi huchukua 4 kuwa mpaka: ukifika hapo au kuvuka, mtu anapaswa kuzungumza nawe.

Usiku ule wa 02:40 niliburuta alama hadi 8. Vidole vikateleza ikawa 9, nikairudisha. Nikaweka alama kwenye usingizi, hofu na watoto. Kwenye maneno sikuandika kitu.

Saa tatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa muuguzi.

"Mama, shikamoo. Habari za asubuhi?"

"Marahaba. Nzuri tu, sista."

"Nzuri, na umeniandikia nane?"

Nilikuwa nimesimama mezani na mkasi mkononi. Nikaketi. Sikumbuki nilianzia wapi, nakumbuka tu kwamba hakunikatiza, na kwamba nilipomaliza kitambaa nilichokuwa nakikata kilikuwa kimelowa. Alinipangia miadi na mshauri nasaha wiki hiyo hiyo, nami nikaenda mara sita. Na akapeleka habari ya usingizi kwa daktari, ambaye aliipunguza dozi ya deksamethasoni kwa wiki zilizobaki, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa unaipokea dawa vizuri. Nusu ya kile nilichokiita udhaifu wa moyo ilikuwa ni dawa! Miezi ile yote "nzuri" yangu ilikuwa imemficha daktari jambo ambalo lilikuwa na tiba.

Kwamba taarifa za mgonjwa zikisomwa zinaleta tofauti, hilo limepimwa. Mwaka 2017 daktari Ethan Basch na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 766 wenye saratani zilizosambaa, ya matiti ikiwemo, waliotibiwa Memorial Sloan Kettering. Waliokuwa wakiandika dalili zao kwa kompyuta mara kwa mara, na wauguzi wakapata ujumbe dalili zikizidi, waliishi kwa wastani wa kati miezi 31.2. Waliopata huduma ya kawaida, miezi 26. Kompyuta haikumtibu mtu pale. Kuna muuguzi aliyeona ujumbe akainua simu. Ukipewa programu ya namna hii, uliza jambo moja kabla ya kitu kingine chochote: nani anasoma, na saa ngapi? Yangu husomwa siku za kazi tu, asubuhi. Hilo lilipaswa kuandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa sababu nimewahi kujaza Ijumaa usiku na kungoja simu hadi Jumatatu nikidhani nimepuuzwa. Hiyo ndiyo kasoro inayonizuia kuipa nyota zote tano. Naipa nne.

Baada ya mionzi ulikuja uchovu wa aina nyingine, ule wa kuamka umechoka. Uchovu huo na huzuni ni kama pindo na kitambaa, ukivuta kimoja na kingine kinakuja. Hapo nilitumia Untire, programu ya Uholanzi iliyotengenezwa mahsusi kwa uchovu wa saratani. Inakuuliza nguvu zako, inakupa mazoezi madogo ya mwili na ya akili na maelezo mafupi ya kwa nini unachoka. Ilijaribiwa kwa watu 799, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: baada ya wiki 12 waliopewa programu walikuwa wamepungukiwa na uchovu kuliko waliokuwa kwenye orodha ya kungoja. Kwangu faida ilikuwa kujua kwamba uchovu huo una jina na kwamba mimi si mvivu. Kiswahili haina, na kwa asiyesoma Kiingereza haitamsaidia, jambo linaloniuma, kwa sababu wengi wetu tunaougua tungeihitaji.

Neno la siri zako. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni moja kubwa ya ushauri nasaha wa mtandaoni kwa kupeleka taarifa za afya za wateja wake kwa makampuni ya matangazo, ikakubali kulipa dola milioni 7.8. Unapomwandikia simu kwamba unamwonea haya mume wako, hayo si maneno ya kuuzwa. Mimi sasa situmii jina langu kamili, situmii barua pepe ya kazini, na programu inayoomba orodha ya namba zangu za simu ili inisaidie kupumua naifuta hapo hapo.

Kwenye simu yangu zimebaki mbili, ya kengele na ya kipimajoto. Alhamisi nina mamogramu, yaani picha ya eksirei, ya titi la kulia. Jana usiku saa nane niliamshwa na joto la tamoksifeni, shuka limelowa, nikafungua dirisha, nikaburuta alama hadi 6. Safari hii nafasi ya maneno sikuiacha wazi. Nimeandika: nzuri, ila naogopa Alhamisi. Nipigie, sista.